Mwanafunzi wa fiziotherapia apewe maksi kwa alichosikia

Ukitaka kujua chuo kinathamini nini, weka mtaala pembeni uombe karatasi ya kusahihishia mtihani wa vitendo. Karatasi nyingi za fiziotherapia (tiba ya viungo) nilizopata kuziona ni visanduku mfululizo: amejitambulisha, ameomba ridhaa, ameuliza umri, ameuliza kazi, ameuliza maumivu yalianza lini, ameuliza magonjwa ya zamani, ameuliza dawa, ameuliza mkojo. Kila kisanduku, maksi moja. Mwanafunzi mwerevu anaikariri orodha yote, anaimwaga ndani ya dakika tano, anatoka amefaulu. Katikati ya majibu yake mgonjwa anaweza kutamka kwamba tangu juzi mkojo unamtoka kwa tabu. Mwanafunzi ataitikia "sawa, mama", ataandika, kisha atauliza kama anavuta sigara. Swali la mkojo limo kwenye orodha na maksi yake ameipata. Alichopaswa kufanya baada ya kusikia lile jibu hakimo popote.

Mama huyo mwenye maumivu ya mgongo na mkojo unaogoma anaweza kuwa na mishipa ya fahamu iliyobanwa chini kabisa ya uti wa mgongo. Akisema pia kwamba anahisi ganzi mahali panapokalia tandiko la baiskeli, ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, na mazoezi ya mgongo yatasubiri. Saa zinazopotea hapo ndizo zinazoweza kuamua kama ataendelea kudhibiti haja zake au la.

Nadai kwamba tunafundisha historia ya mgonjwa, yaani maelezo anayoyatoa mwenyewe, na uchunguzi wa mwili kana kwamba ni kazi mbili, kwanza kalamu kisha mikono, ilhali ni kazi moja. Maelezo ya mgonjwa yanazaa makisio mawili matatu, na mikono inakwenda kuyapima hayo. Anayeanza kupapasa bila makisio hupapasa kila mahali, na mwishoni hujaza fomu nzima bila kujua amepata nini.

Mwaka 1975 J. R. Hampton na wenzake wa Nottingham, Uingereza, walichapisha hesabu ambayo bado inatajwa kila mahali utabibu unapofundishwa. Walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa pamoja na maelezo ya mgonjwa vilitosha kufikia ugonjwa uleule uliokuja kuthibitishwa mwishoni. Uchunguzi wa mwili ulibadili mawazo ya madaktari kwa wagonjwa 7, na vipimo kwa wengine 7. Hao walikuwa wagonjwa wa magonjwa ya ndani, na nusu karne imepita, kwa hiyo sidai kwamba uwiano ni huohuo kwa bega la fundi ujenzi wa Kampala. Ila uzito umeegemea upande gani, sioni sababu ya kubishana.

Hapa Uganda hoja hii hupindishwa kwa namna inayoniudhi. Husemwa kwamba sisi tunauliza maswali mengi kwa sababu hatuna mashine, kwamba MRI, zile mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, zingekuwa katika kila wilaya tungepumzika. Si kweli. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo huonekana kwenye picha wakiwa na diski zilizochakaa, yaani ile mito iliyo kati ya pingili za mgongo: asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mzee akikuletea picha iliyomgharimu mbuzi watatu, ikisema diski imechakaa, amekuletea habari ya umri wake. Kama diski hiyo ndiyo inayomuuma, utajua kwa kumuuliza na kumchunguza.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapahapa nyumbani. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uleule, na safari hii hakuishia usoni: alimpapasa tumbo, akakuta uvimbe humo pia. Aliupapasa kwa sababu mtoto wa kwanza alikuwa amemwachia swali kichwani. Akarudi kwenye mafaili, akachapisha mwaka 1958, akaanza kuziandikia hospitali za Afrika kuuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo na wametokea wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka takriban maili 10,000 wakiuliza swali hilohilo la wapi. Uvimbe ule ulikuwa saratani, na leo saratani hiyo ina jina lake. Mwanafunzi anayelidharau swali la "unatoka wapi, mzee?" kwa kudhani ni la kujaza nafasi tu, asimuliwe habari hii.

Sasa tushuke kwenye kazi ya kila siku, nami nitakaa kidogo kwenye mfano mmoja kwa sababu una karibu kila kitu.

Mama analeta mtoto wa miaka minne kutoka Teso. Unyayo wa kulia unaning'inia, anapotembea anainua goti juu kupita kiasi ili vidole visikwaruze chini. Mama anasema alikuwa na homa, akadungwa sindano ya tako, mguu ukalegea. Mwanafunzi wa orodha anaandika "sindano" na kuhamia kwenye chanjo. Lakini sentensi ile moja imebeba magonjwa mawili. Sindano iliyodungwa vibaya inaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu unaopita takoni kwenda mguuni, na sindano za kwinini zilizodungwa misulini zimeacha alama yake katika nchi hii. Wilayani Kumi, hukohuko Teso, watoto waliokakamaa misuli ya matako au kupooza mguu baada ya sindano wameandikwa sana. Upande wa pili, polio nayo huanza kwa homa, na mtoto mwenye homa hupelekwa kudungwa sindano. Hapo sindano imefuata ugonjwa, haikuuleta.

Basi mwanafunzi anayesikiliza anauliza tena, polepole. Mama, alidungwa tako la upande gani? Alipiga kelele na kukataa kusimama palepale, au alirudi nyumbani akitembea na mguu ukalegea siku zilizofuata? Homa ilikuwa bado ipo mguu ulipolegea? Kuna kiungo kingine kilicholegea hata kama kimepona? Maumivu makali papo hapo na mguu kulegea siku ileile vinaelekeza kwenye mshipa uliojeruhiwa. Kulegea siku kadhaa baadaye, homa ikiwa ingalipo, kunaelekeza kwingine. Na hata upande wa sindano usimdanganye, maana inajulikana kwamba sindano ya misuli kwa mtoto ambaye tayari ana virusi vya polio inaweza kuchochea kupooza kwa kiungo kilekile kilichodungwa.

Hapo ndipo mikono inaitwa, na inaitwa kwa kazi mahususi. Polio hushambulia mishipa ya kuendesha misuli na kuacha hisia salama. Mshipa wa takoni ukijeruhiwa huondoka na nguvu pamoja na hisia. Pamba laini ikipitishwa juu ya unyayo na ubavuni mwa mguu, huku mtoto akiangalia pembeni, itasema mengi kuliko nusu saa ya kupima kila msuli. Kano ya kisigino igongwe, halafu ya goti: jeraha la mshipa wa takoni huua mruko wa kisigino na kuliacha goti. Kisha mtoto aombwe achuchumae. Asiyeweza kuchuchumaa ila kwa kutanua magoti kama chura ana misuli ya matako iliyokakamaa, na ukimuuliza mama atakwambia mtoto anavyopata taabu chooni na anavyokaa upande upande darasani. Na kama umri ni chini ya miaka 15 na kulegea kumekuja ghafla, hayo yote hayamwondolei mwanafunzi wajibu wa kutoa taarifa mara moja ili sampuli mbili za kinyesi zichukuliwe, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuwa mtu wa kwanza kumwona mtoto huyo. Leo artesuneti imechukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali, na hilo ni jema, ila watoto wanaendelea kudungwa sindano za kila aina katika kliniki za mitaani na swali halijastaafu.

Kwa mgongo nitakwenda haraka. Kila mwanafunzi amekariri dalili za hatari: kukonda, jasho la usiku, maumivu yasiyotulia hata mtu akilala, historia ya saratani. Dalili hizo zikichukuliwa moja moja ni dhaifu. Wengi wasio na ugonjwa mbaya watajibu ndiyo kwa moja au mbili. Nguvu yake inatoka kwenye kuunganishwa na maisha ya mtu. Mfugaji wa Kiruhura mwenye homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya chini ya mgongo aulizwe kama anakunywa maziwa bila kuyachemsha, kwa sababu brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, hupenda sana maungio ya nyonga na mgongo. Anayekonda taratibu kwa miezi na mgongo unamkakamaa, aulizwe kama nyumbani kuna aliyewahi kumeza dawa za kifua kikuu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hakihitaji kikohozi. Halafu mgongo utazamwe ukiwa wazi.

Hilo la mwisho linaonekana dogo na ndilo linalorukwa kuliko yote. Mama amevaa gomesi, mshipi mpana umefungwa kiunoni, chini yake kuna kitenge kingine, na chumba cha kliniki hakina pazia. Mwanafunzi wa kiume wa miaka 22 anaona haya, mama anaona haya zaidi, basi mgongo unapapaswa juu ya tabaka tatu za nguo. Kibyongo kidogo cha pingili iliyoliwa na kifua kikuu kinakaa pale chini, salama kabisa. Haya si jambo la kucheka wala la kumgombeza mtoto wa watu. Linatakiwa shuka, mwanafunzi wa kike au muuguzi wa kusimama karibu, na maelezo kabla ya kugusa: nitafungua hapa tu, nitaangalia hiki, ukitaka niache sema. Chuo kinachompima mwanafunzi kwa kipimo chenye jina la mzungu kabla hakijamfundisha kumvua mgonjwa nguo kwa heshima kimeanzia mwisho.

Kuna na suala la namba. Tumezoea kuuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Tuseme mwanafunzi anamuuliza mzee wa Bombo, naye anajibu, "Yanatosha, mwanangu." Fomu inataka namba, basi mwanafunzi anaandika 7. Angeuliza kama anaweza kusujudu swala zote tano au amehamia kuswali kwenye kiti, na tangu lini, angepata kipimo ambacho mwezi ujao kitaonyesha maendeleo bila ubishi. Mwanamke wa Kiganda mwenye goti lililochakaa atakwambia kwamba ngazi si tatizo, tatizo ni kupiga magoti kuwasalimu wakwe. Mwingine atasema anaweza kubeba mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20, hadi kwenye mti wa maembe kisha lazima atue. Mkulima atakuhesabia mistari ya mahindi. Fomu nyingi tunazotumia zinauliza juu ya ngazi, bafu la kujilaza na kuendesha gari. Zimetungwa kwa watu wengine, na mwanafunzi anayezisoma kama zilivyo anakusanya majibu ya maisha ambayo mgonjwa wake haishi.

Mfano mwingine mfupi, wa watoto. Goti likiuma na goti likichunguzwa likakutwa zima, nenda nyonga. Maumivu ya nyonga husafiri hadi gotini na mtoto huonyesha mahali yanapofikia. Katika nchi ambako utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga na wadogo waliopimwa wana vinasaba vya selimundu (sikoseli) kutoka kwa mzazi mmoja, tena zaidi kaskazini na Busoga, mtoto anayechechemea aulizwe kuhusu selimundu katika ukoo kabla hajaanza kufundishwa mazoezi. Selimundu inaweza kukikosesha damu kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa kinachokosa damu hakinyooshwi kwa mazoezi.

Halafu lipo ambalo mgonjwa halisemi. Kijana aliyevunjika mkono kwa ajali ya bodaboda mara nyingi amepitia kwa mwunga mifupa wa kienyeji kabla ya kufika hospitali, na anajua akisema hivyo atafokewa. Kwa hiyo ananyamaza. Mwanafunzi anakuta kiwiko kigumu, misuli ya mkono wa mbele imekakamaa na vidole vimejikunja, na hajui kwamba mkono ulikaa siku kadhaa umefungwa kwa vijiti na vitambaa vilivyobana hadi damu ikakosa njia. Swali liulizwe bila hukumu ndani yake: "Kabla ya kuja hapa nani mwingine alikusaidia, na alifanya nini?" Akijibu, usikunje uso. Sura iliyokunjwa mara moja inafunga mlango wa miezi yote ya matibabu.

Ukimya mwingine unaletwa na mtu wa katikati. Mbarara, ambako fiziotherapia inafundishwa chuoni, wanafika wakimbizi wa Kongo kutoka Nakivale, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na mwanafunzi aliyetoka Gulu au Mbale na hajui Kinyankole. Kiswahili hicho ni cha kuokoteza pande zote mbili, lakini nakipendelea kuliko shemeji anayetafsiri. Mume akijibia mkewe kuhusu maumivu ya nyonga baada ya kujifungua, umepata historia ya mume. Mwanafunzi ajifunze kusema kwa adabu, "Baba, tafadhali tusubiri hapo nje kidogo, nataka mama mwenyewe anieleze."

Najua pingamizi linalokuja, na wanaolitoa ni watu wa kazi: foleni. Mtaalamu mmoja, wagonjwa hadi koridoni, na wewe unataka hadithi. Nawaheshimu, lakini hesabu yao ina kasoro. Mwaka 1984 Beckman na Frankel walirekodi mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa Marekani, wakakuta daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Watafiti wa Basel, Uswisi, wakafanya kinyume mwaka 2002: waliwaacha wagonjwa 335 waseme hadi wamalize wenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Ni dakika moja na nusu, muda ambao mwanafunzi wetu anautumia kutafuta kipimapembe. Kinachokula foleni ni yule mgonjwa anayerudi mara ya sita kwa tatizo ambalo lingejulikana mara ya kwanza. Na wengi hata hawarudi. Nauli ya taksi kutoka kijijini na siku ya shamba iliyopotea vinafanya kukutana kwa kwanza kuwe ndiko pekee.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni jingine. Maelezo nayo hudanganya: watu husahau, huunganisha maumivu na anguko la miaka kumi iliyopita, na mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza usemi hana la kukusimulia. Ndiyo maana sisemi mikono ipumzike. Nasema mwanafunzi, kabla hajamgusa mgonjwa, aandike mstari mmoja: nategemea kukuta hiki, na nikikuta kile nitabadili mawazo. Halafu achunguze, akianza na upande mzima ili awe na cha kulinganishia. Msimamizi wa wodi asome mstari ule kwanza. Ukiwa mtupu, amrudishe kwenye kiti cha mgonjwa. Na mtihani utoe maksi kubwa pale swali la sita lilipozaliwa na jibu la tano, hata kama visanduku vinne vimebaki tupu. Watahini watalalamika kwamba hilo ni gumu kusahihisha kwa haki. Ni gumu kweli. Litadai watahini wawili chumbani na mjadala kati yao, na vyuo vyetu havina watu wa kutosha. Lakini afadhali vituo vinne vya mtihani vinavyopima kitu kuliko kumi vinavyopima kumbukumbu.

Limebaki la kuandika. Wagonjwa wetu wengi hubeba kumbukumbu zao katika daftari la shule walilonunua dukani, na daftari hilo litasomwa na mtu mwingine katika kituo kingine. Sehemu kubwa ya niliyoyaona ndani yake kutoka upande wetu ni "amefanyiwa fiziotherapia, arudi baada ya wiki mbili". Mtu wa Masindi atafanya nini na sentensi hiyo? Andika goti la kulia linajikunja hadi digrii 95, la kushoto 130. Andika nguvu ya paja ni 3 kati ya 5, yaani linanyanyua mguu lakini haliwezi kuhimili mkono ukilisukuma. Andika hawezi kupiga magoti tangu Machi, anaweza kubeba nusu mtungi. Andika ulichodhani, kilichokufanya udhani hivyo, na dalili ambayo ikitokea arudishwe siku hiyohiyo, kwa lugha ambayo yeye mwenyewe au mwanawe wa darasa la saba ataweza kuisoma.